Neil Young: ninunue "After the Gold Rush" au "Harvest"?

Mkaa_Barazani (mwanzilishi wa mada):
Wanajukwaa, salaam. Mwisho wa mwezi huu nitanunua santuri moja tu ya Neil Young, yule mwimbaji na mtunzi wa Kanada, nami nimekwama kati ya "After the Gold Rush" ya 1970 na "Harvest" ya 1972. Nimesoma kwamba zilipotoka wahakiki walizikosoa vikali zote mbili, ilhali leo zinahesabiwa miongoni mwa kazi zake bora. Naomba ushauri wenu.

Sindano_Butu:
Ndugu yangu, umemwendea fundi cherehani bila kutaja kipimo. Unanunua mpya au iliyotumika? Mashine yako ya santuri ni ya aina gani? Je, unapenda gitaa kavu au la umeme? Bila majibu hayo tutakuwa tunabahatisha tu.

Bi_Mahadhi:
Wakati tunayasubiri majibu hayo, niseme neno kuhusu wahakiki. Mwaka 1970 Langdon Winner aliandika katika jarida la Rolling Stone kwamba nyimbo za "After the Gold Rush" zilikuwa na uwezo, lakini zilirekodiwa kabla hazijaiva. Miaka miwili baadaye, katika jarida hilohilo, John Mendelsohn aliilaumu "Harvest" kwa kuwa ilifanana mno na kazi zilizotangulia, kana kwamba Young aliichukua "After the Gold Rush" akaiongezea maneno mapya na lile gitaa la kulazwa lenye sauti ya kilio. Yaani albamu iliyokataliwa jana ndiyo iliyogeuzwa kipimo cha kuikataa ya leo! Kwa sababu hiyo, mimi huzisoma tahakiki za wiki ya kwanza kwa tahadhari kubwa.

Mzee_Gitaa_Kavu:
Chukua "Harvest", kijana wangu, wala usisumbuke. Wakati ule Young alisumbuliwa na mgongo hata akashindwa kulibeba gitaa la umeme kwa muda mrefu, na ndiyo maana albamu imetulia namna ile. Waimbaji James Taylor na Linda Ronstadt, waliokuwa mjini Nashville, Marekani, kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha mwanamuziki Johnny Cash, waliingia studio kumwitikia. Wahakiki walinuna, lakini wasikilizaji waliifanya kuwa albamu iliyouzwa kuliko zote Marekani mwaka 1972.

Bi_Mahadhi:
Mzee wangu, shikamoo. Mauzo hayakanushi kila lawama. Zile nyimbo mbili za "Harvest" zilizopigwa na okestra kubwa ya London Symphony Orchestra zimebebeshwa mzigo mzito kuliko tungo zenyewe, na hapo wahakiki hawakukosea. Katika "After the Gold Rush" piano ilipigwa kwa sehemu kubwa na Nils Lofgren, mpiga gitaa ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 20, na ule ugeni wake ndio unaonivutia.

Mzee_Gitaa_Kavu:
Marahaba, binti yangu. Tutabishana hadi kesho.

Sindano_Butu:
Niliuliza kuhusu mpya au iliyotumika kwa sababu yalinikuta. Niliinunua "Harvest" iliyotumika kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, aliyeniapia kwamba haina mkwaruzo hata mmoja. Nilisubiri majuma sita, nikalipa ushuru, na nilipolifungua boksi nikakuta santuri imepinda kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Sindano ilipanda na kushuka, na sauti ya Young, ambayo tayari ni nyembamba, ikawa inayumba kama ya mtu aliye ndani ya mashua. Nilimwandikia muuzaji mara tatu, naye akanijibu mara moja tu, akisema kwamba joto la nchi yangu ndilo lililoipinda.

Pwani_Usiku:
Mbona hakuna aliyeitaja "On the Beach" ya 1974? Young mwenyewe aliandika mwaka 1977 kwamba "Heart of Gold" ya kwenye "Harvest", wimbo wake pekee uliofika namba moja Marekani, ulimweka katikati ya barabara, naye akachoshwa upesi akaelekea mtaroni. Huko mtaroni ndiko kwenye muziki wake wa kweli. Albamu hiyo haikutolewa kwenye CD hadi 2003.

Mzee_Gitaa_Kavu:
Aliyeuliza ametaja mbili, wewe unaleta ya tatu. Ukitaka uzito, "Harvest" inao wimbo wa kulishutumu jimbo la Alabama, kule kusini mwa Marekani.

Bi_Mahadhi:
Wimbo ambao Young mwenyewe, katika kitabu chake cha 2012, alikiri kwamba ulikuwa na kiburi na kwamba alistahili kujibiwa na bendi ya rock ya Lynyrd Skynyrd. Mfano huo, mzee wangu, unanisaidia mimi.

Mkaa_Barazani:
Nawashukuru nyote. Ninakusudia kununua mpya, na napenda gitaa kavu, ingawa maelezo ya piano yamenivuta upande wa pili. Kuhusu mashine, bado sijainunua.

Sindano_Butu:
Hujainunua? Basi tuambie kwanza bajeti yako yote ni kiasi gani, pamoja na spika.