Naombeni ushauri: nguo za joto hili, nichukue rangi gani na kitambaa gani?

Binti Kimara
Habari za humu wadau. Dada zangu, mama zangu na mafundi mliomo, nisaidieni mawazo kabla sijapeleka hela Kariakoo.

Nafanya kazi Posta, nakaa Kimara, usafiri wangu mwendokasi. Kwa joto hili la Januari mnajua wenyewe mtu anavyokuwa mpaka ashuke. Nataka kushona magauni mawili ya ofisini na moja la sendoff ya binamu yangu mwezi wa pili mwanzoni. Bajeti laki na nusu, kitambaa na ufundi humo humo.

Simu yangu imejaa picha. Wazungu mwaka jana kiangazi chao kizima walivaa ile njano iliyofifia kama siagi, madoadoa yakarudi kwa kishindo, na kitani kila kona. Halafu Pantone, ile kampuni ya Marekani inayotangaza rangi ya mwaka, 2025 walitoa Mocha Mousse ambayo ni kahawa yenye maziwa kabisa, na 2026 wametoa nyeupe, wanaiita Cloud Dancer. Mimi ni mweusi, siyo maji ya kunde. Hiyo siagi itanikubali au nitaonekana nimejifunga shuka la wodini?

Jingine, kuna duka la mtandaoni linaniambia lina "lineni asilia", yaani kitani halisi, na bei yake rahisi mno. Nitajuaje?

Ngosha wa Tandale
Nimekaa hapa pembeni nasoma kwa niaba ya wife. Endeleeni.

Mama Ilham
Mdogo wangu, nani alikuambia mweusi hapendezi na njano? Hayo ni maneno ya mashangazi waliotukatisha tamaa tukiwa wadogo. Siagi juu ya ngozi nyeusi inawaka. Wanaopata shida nayo ni weupe, maana uso na gauni vinakuwa kitu kimoja.

Ila njano ziko nyingi. Usichague ndani ya duka, zile taa zao zinadanganya. Omba kitambaa, toka nacho mlangoni kwenye jua, kiweke chini ya kidevu, mwenzio akutazame. Uso ukichangamka, chukua. Ukionekana kama umetoka kuugua, hiyo imeelekea kijani, rudisha.

Hiyo kahawa yenye maziwa mimi nisingeiweka karibu na uso wako. Fanya sketi, juu weka nyeupe au siagi hiyo hiyo. Na rangi zote hizi nyepesi zinaonyesha, kwa hiyo gagulo ni lazima, na liwe rangi ya ngozi YAKO. Watu wanavaa gagulo jeupe ndani ya gauni jeupe halafu wanashangaa linachoreka lote.

Fundi Sinza Mori
Naunga mkono kwa rangi, lakini mmeanzia mwisho. Kwa Dar anza na kitambaa. Rangi unaweza kuvaa yoyote, kitambaa kikikukataa saa mbili asubuhi ushaloa.

Tulipokuwa chuo cha ufundi VETA tulifundishwa hivi: pamba kwenye hewa ya kawaida inabeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, kitani kama 12, poliesta haifiki hata 1. Poliesta inatokana na mafuta ya petroli, hainywi jasho. Jasho linabaki mgongoni na gauni linakugandia. Hewa yetu yenyewe ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, ndiyo maana gauni la pamba lililopwaya linalishinda kwa raha gauni la poliesta jeupe pee.

Sasa hiyo lineni ya bei rahisi. Nyingi ninazoletewa dukani ni poliesta iliyofumwa na vinundunundu ifanane na kitani. Kwanza, kikunje kwenye ngumi, kibane uhesabu mpaka kumi, achia. Kitani halisi kinatoka na makunyanzi yasiyotaka kuondoka. Kikirudi laini kama hakijaguswa, ujue. Pili, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, ziwashe kwa kiberiti, mbali na kitambaa. Pamba na kitani vinaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, vinaacha majivu mepesi yanayopeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, inaacha kidonge kigumu. Usikishike kikiwa cha moto, kinang'ang'ania kidole. Kikiungua kama karatasi huku kikiacha vichembe vigumu ndani ya majivu, ni mchanganyiko.

Mwambie huyo wa mtandaoni akutumie kipande cha vidole viwili kabla hujalipa. Akianza kuzungusha maneno, una jibu.

Dogo Mbagala
Fundi siku ukiwasha kiberiti ndani ya duka la mtu Kariakoo, usitaje kwamba tunajuana humu 😂😂

Fundi Sinza Mori
@Dogo Mbagala ndiyo maana nimesema kipande. Unaenda kuchomea nyumbani.

Shangazi Tumaini
Kitani nakipenda kwa kwenda ufukweni, kwa ofisi hapana. Ukipanda Kimara ukisimama, ukifika Magomeni mtu amekuegemea, ukishuka Posta unaonekana umelala na hilo gauni. Hata bosi atauliza kama kwenu kuna msiba. Binti achukue viskosi. Ni laini, inamwagika vizuri mwilini, maua yake yanatoka safi, na bei haiumizi.

Fundi Sinza Mori
Shangazi, viskosi sikatai. Inatokana na miti, inanyonya jasho vizuri. Ila ina mambo mawili: inarudi sana ikifuliwa, na ikiloa inakosa nguvu. Ukiikamua kama jinzi inachanika mshononi. Anayefuliwa na dada wa kazi ampe maelekezo kabisa.

Na hii ni kwa wote: kitambaa chochote cha pamba, kitani au viskosi, loweka kabla ya kukileta. Kilale kwenye maji, anika kivulini, piga pasi, ndipo fundi akate. Mnatuletea kitambaa kinanuka duka, tunashona, unafua mara moja gauni limepanda juu ya goti, halafu "fundi kaniibia kitambaa".

Ummu Sabra
Na chumvi kwenye maji ya kulowekea ili rangi isichuje. Bibi yangu alikuwa hivyo.

Fundi Sinza Mori
Chumvi haizuii, mama. Ikiwa rangi haikushikishwa kiwandani, itachuja tu. Loweka peke yake, mwaga maji mpaka yatoke meupe. Yakigoma kutoka meupe, usiishone pamoja na cheupe.

Jora la Uhuru
Nauza vitambaa, niseme upande wetu. Wengi mnakosea kalenda. Maonyesho makubwa ya New York, London, Milan na Paris ya nguo za kiangazi hufanyika Septemba na Oktoba, miezi kabla ya hicho kiangazi chenyewe. Picha za mitaani mnazozisevu ni za mwezi wa sita na wa saba. Sisi wakati huo ni kusi, asubuhi watu wanatafuta sweta. Mteja anakimbilia dukani mwezi wa saba kutafuta siagi, anaikuta imeletwa kidogo na bei juu, halafu anaivaa wakati hakuna joto la maana. Sasa hivi wao wako kwenye baridi kali na sisi ndiyo jua la utosi. Vitambaa vile vile vipo na unapatana bei.

Madoadoa: kwa ofisi chukua madogo, yasizidi ukubwa wa kifungo cha shati. Makubwa yana shida kwenye kushona, yanakatika vibaya kwenye zipu na kwenye pensi za kifuani. Fundi mvivu hatayaoanisha. Hata mistari na drafti ni hivyo hivyo, ongeza nusu yadi ya kuoanishia. Na kitu chenye michoro kinaficha jasho. Linalotangaza kwapa ni lile la rangi moja, hasa kijivu na bluu ya kupauka.

Usisahau kitenge. Geuza upande wa pili, rangi zikiwa sawasawa pande zote mbili ni waksi yenyewe. Ukikuta nyuma pamepauka, kimechapwa upande mmoja, mwambie muuzaji apunguze. Halafu pitia picha za Swahili Fashion Week, ipo hapa hapa tangu 2008. Mishono ya kuchanganya kitenge na kitambaa cha rangi moja mle ni mingi, na imefikiriwa kwa hali ya hewa yetu.

Bosi Lady Karume
Mnamhangaisha mtoto wa watu na jora. Kitani halisi kimejaa kwenye mitumba, aje Karume asubuhi marobota yakifunguliwa. Soma lebo ya ndani: ya Kijerumani itaandikwa Leinen, ya Kifaransa lin, ya Kiitaliano lino. Nguo imeshafuliwa huko mara nyingi, ikirudi imesharudi, na imekuwa laini. Akiona suruali pana ya kiume au shati kubwa, asiangalie kwamba ni la kiume. Fundi mzuri anatoa blauzi na kimkanda humo.

Ukague kwapani tu na kola. Doa la kwapa kwenye kitani jeupe ni ndoa ya kanisani, haliachiki.

Ummu Sabra
Na sisi wa mikono mirefu na mtandio? Kila uzi wa joto tunasahaulika 😒

Mama Ilham
Ummu, mkono mpana uliopwaya una hewa kuliko mkono mfupi uliobana, usiwaonee wivu. Wasiwasi wangu ni mtandio. Satini na shifoni za poliesta kichwani ni adhabu, na unashinda unazipandisha. Chukua malimali ya pamba, pini moja inatosha. Kama Eid hii unashona, wahi, Ramadhani inaingia mwezi wa pili na mafundi hawatapokea simu.

Fundi Sinza Mori
Kweli kabisa hilo. Na jamani, bitana. Unaleta pamba safi, unataka bitana gauni zima, na bitana yenyewe ni poliesta. Hapo umenunua pamba ya kuangaliwa na watu, ngozi yako imevaa poliesta. Weka bitana kiunoni kwenda chini tu, juu pambia shingo na kwapa kwa kitambaa chenyewe. Kwapa lisikatwe likabana, liachwe lishuke kidogo.

Shangazi Tumaini
Tumemaliza ya ofisi. Hiyo sendoff umeuliza sare? Usije ukashona siagi yako kumbe kamati imepitisha damu ya mzee, ukakaa meza ya nyuma peke yako kama shahidi wa upande wa pili.

Binti Kimara
Jamani asanteni, nimecheka na nimejifunza. Nimempigia mama mdogo sasa hivi. Sare ya upande wetu ni rangi ya ugoro na dhahabu, kitambaa ni krepu na kamati ndiyo inayouza. Kwa hiyo Pantone wameiga kwa mama mdogo.

Krepu yenyewe kwa maelezo yake naona ni poliesta tupu. Sina la kufanya, ni usiku na ukumbi una viyoyozi. Hapo sitaweka bitana juu.

Ya ofisini: moja viskosi ya madoadoa madogo, nyeupe juu ya ugoro. La pili siagi, pamba. Kitani nitaenda kumtafuta Bosi Lady Jumamosi, nikipata shati nitavaa na sketi niliyonayo. Duka la mtandaoni nimewaomba kipande, wameisoma meseji na kukaa kimya.

Bosi Lady Karume
Jumamosi uje kabla ya saa tatu. Ukija saa sita utakuta soksi.

Ngosha wa Tandale
Fundi, wife amesoma mpaka mwisho, anauliza gauni la madoadoa linachukua yadi ngapi? Si mnene sana, lakini usiniulize zaidi, amekaa hapa.

Fundi Sinza Mori
Kitambaa kikiwa na upana wa inchi 60, gauni la chini ya goti lenye mikono, yadi tatu. Kitenge ni chembamba, inchi 45 hivi, aje na nne, na akitaka marinda aongeze moja. Vipimo mlete mwenyewe, usimpime na kamba ya viatu ukaniletea.