Sungura wa pili au simbilisi? Naombeni ushauri kabla ya Jumapili

Nyanya_Chungu
Wakuu habari za jioni. Nina sungura wangu anaitwa Pamba, mwezi wa nane sasa niko naye. Siku hizi nikirudi kazini namkuta amejikunyata kona ya banda, ameipa dunia mgongo, na mlango ameutafuna mpaka ubao umekuwa kama msumeno. Nimeambiwa ni upweke.

Kuna jamaa anahama, ana sungura na ana simbilisi, anataka nimpe jibu Jumapili. Naona nina njia tatu: sungura wa pili, simbilisi mmoja akae na Pamba humohumo, au simbilisi wawili kwenye boksi lao. Moyo wangu uko kwenye hiyo ya katikati, maana simbilisi ni mdogo na hali sana. Wenye uzoefu mnasemaje?

Kichwa_Maji
Chukua simbilisi mkuu, usijiulize mara mbili. Hawaruki juu kama sungura, hawachimbi. Kero yao ni moja tu: ukifungua friji wanakupigia mayowe kama una deni lao.

bint_mwajuma
Mleta mada, kabla hatujaanza kugombana humu: Pamba ni dume au jike? Amehasiwa? Banda lina ukubwa gani? Analala ndani au nje? Umekuja kuomba ushauri wa ndoa na bwana harusi hujamtaja.

Nyanya_Chungu
Ni jike, nadhani. Banda ni kubwa tu, linamtosha. Yuko barazani.

bint_mwajuma
Hiyo "nadhani" ndiyo inayojaza watu mabanda. Sungura jike hubeba mimba siku 31 tu, na akishazaa anaweza kupata nyingine siku hiyohiyo. Tafuta jibu kabla hujaleta mwenzake.

Fundi_Kokoto
Na "kubwa tu" ni futi ngapi? Mimi natengeneza mabanda, hilo neno nalisikia kila wiki. Nenda kaangalie vitu viwili. Pamba akiruka mara tatu mfululizo, pua inagonga ukuta? Akisimama kwa miguu ya nyuma, masikio yanakunjika kwenye dari? Kama jibu ni ndiyo, hilo ni kabati, banda bado hujajenga.

Wanaotetea sungura kule Uingereza wanasema wawili wapate mita 3 kwa 2, kimo mita 1, na iwe wazi kwao usiku na mchana. Najua wengi hamtafika hapo, lakini angalau mjue mnapungukiwa kiasi gani. Simbilisi wawili mimi sijengi chini ya sentimita 120 kwa 60, na hata hiyo naijenga shingo upande. Tena msiniletee habari za ghorofa. Simbilisi ni mtu wa chini, anataka uwanja wa kukimbia. Ngazi kali wengine hawaigusi, na wakianguka wanaumia.

DktNyasi
Mimi ni daktari wa mifugo, wagonjwa wangu wengi ni hawahawa wadogo. Nyanya_Chungu, hiyo njia ya katikati iondoe kabisa. Usiwachanganye.

Kwanza ni miguu ya nyuma ya sungura. Hata akiwa anacheza, teke moja linavunja mbavu za simbilisi. Pili, kuna bakteria anaitwa *Bordetella bronchiseptica*. Sungura wengi wanatembea naye puani bila hata kupiga chafya, akimfikia simbilisi ni nimonia. Tatu ni chakula. Sungura anajitengenezea vitamini C mwilini, simbilisi hawezi, kama sisi. Akila chakula cha sungura tu anapata kiseyeye: viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, analia ukimshika. Huyo mpe hoho mbichi kila siku, na chakula cha vidonge kilichotengenezwa kwa ajili yake. Vitamini ya kutia kwenye maji usiitegemee, inaharibika haraka.

Halafu hawaelewani lugha. Simbilisi anaongea kutwa, sungura anasema kwa masikio na kwa kukaa kimya. Mmoja akisema "niache", mwenzake hasikii kitu.

Kichwa_Maji
Daktari kwa heshima zote, mimi nilikaa nao pamoja miaka miwili, hakufa mtu.

Mama_Zamda
Kichwa_Maji, na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo.

Nilikuwa na sungura dume, Sultani, na simbilisi jike, Kahawa. Niliwachukua wote wadogo. Walikuwa wanalala wameegemeana, nikawapiga picha, picha ikakaa kwenye simu yangu muda mrefu. Kila mgeni akija namuonyesha: tazama mapenzi. Sultani alipofika miezi minne na nusu hivi akabadilika. Akawa anampanda Kahawa, tena upande wa kichwa. Kahawa anakwenda kujificha ndani ya boksi, boksi lina mlango mmoja, Sultani anajilaza mlangoni. Mimi nikawa nacheka, nasema bwana ana wivu.

Nilikuwa nampima uzito kwenye mizani ya unga. Alikuwa gramu 940, baadaye 890, mara 810. Nikajipa moyo, nikasema ni joto. Usiku mmoja nikasikia kishindo, kama mtu ameangusha kitabu. Nikaamka nikamkuta Kahawa anaburuza mguu, meno yanagongana. Hakulia. Yule aliyekuwa anapiga kelele nikigusa tu mfuko wa majani, usiku ule hakulia hata kidogo.

Mguu ulikuwa umevunjika. Nikawa namlisha uji wa majani kwa bomba la sindano kila baada ya saa mbili. Siku ya tatu aliingia kwenye mkono wa sweta langu akakaa humo, hakutoka tena. Daktari nilipomuonyesha ile picha aliitazama kwa muda, akaniambia huyu mdogo hajalala, tazama macho yako wazi, ameganda kwa hofu. Picha niliifuta. Hakuna aliyenilaumu, lakini mizani ilikuwa jikoni kwangu na namba nilikuwa nazisoma mwenyewe.

Kichwa_Maji
Pole sana Mama Zamda. Basi nimerudisha kauli, asiwachanganye.

Nyanya_Chungu
Mama Zamda nimesoma mara mbili. Hiyo njia ya katikati nimeifuta. Zimebaki mbili.

kobe_wa_mbele
Samahanini, simbilisi ndiyo pimbi?

Fundi_Kokoto
Hapana. Pimbi anakaa kwenye majabali na kwa ukoo yuko karibu na tembo. Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Wazungu wanamwita nguruwe wa Gini, na yeye si nguruwe wala hakutoka Gini.

kobe_wa_mbele
Pimbi na tembo?? Naomba mada yake.

bint_mwajuma
Fungua uzi wako kobe, usituibie huu.

Turudi. Kwa Pamba mimi ni sungura wa pili, sina kigugumizi. Aliyezoea kuishi peke yake hafarijiwi na simbilisi aliye kwenye boksi la jirani, ni kama kusikiliza harusi ya watu ukutani. Pea inayotulia mara nyingi ni dume aliyehasiwa na jike aliyehasiwa. Dume akishahasiwa usimpeleke kwa jike wiki hiyohiyo, bado ana akiba ya mbegu. Subiri wiki nne mpaka sita.

Na usimtumbukize mgeni kwenye banda la Pamba, sungura jike na eneo lake ni kama mpangaji na mita ya umeme. Wakutanishe mahali ambapo hakuna kati yao amewahi kukojoa, hata bafuni, dakika chache chache kila siku. Vyombo vyote viwe viwili, na kila kijumba kiwe na milango miwili ili asiwepo wa kuzibiwa njia. Kufukuzana kidogo ni kawaida. Manyoya yakianza kuruka kwa mafungu, watenge.

Kichwa_Maji
Hayo mahari yote ya nini? Simbilisi majike wawili unawaweka pamoja, wananguruma kidogo wanazungushazungusha makalio, jioni wanakula sahani moja. Atakayeamua ni mfuko na muda wa mtu.

DktNyasi
Kwa majike ni kweli, mara nyingi hawasumbui. Madume wawili nao wanaweza kuishi vizuri kama hawasikii harufu ya jike karibu. Madume watatu ni ugomvi. Ila mmoja peke yake hapana. Uswisi tangu 2008 sheria yenyewe inakataza kufuga simbilisi mmoja.

kobe_wa_mbele
Na sisi tunaoishi peke yetu sheria yetu inatoka lini?

Mtoto_wa_Seremala
Wote mnajadili wachumba, hakuna aliyegusa sakafu. Mtu aweke maranda, yapo bure kwa kila seremala, yananukia vizuri, habari imekwisha.

Fundi_Kokoto
Hiyo harufu ndiyo tatizo. Maranda ya mwerezi na ya msonobari ambao haukukaushwa vizuri yana mafuta yanayochoma njia ya hewa. Hawa pua zao ziko sentimita mbili kutoka sakafuni.

Mtoto_wa_Seremala
Baba yangu alifuga miaka ishirini juu ya maranda.

Fundi_Kokoto
Baba yako alikuwa na dirisha?

Mama_Zamda
Mimi sasa naweka magazeti chini, juu yake blanketi zito, juu kabisa majani makavu mengi. Blanketi nalikung'uta kila asubuhi, nalifua kila siku ya nne. Kazi ipo, sikudanganyi.

Nyanya_Chungu
Nimepima. Banda ni sentimita 90 kwa 50. Na sakafu ni wavu wa chuma, ili uchafu uanguke wenyewe. Kumbe ni shida?

Fundi_Kokoto
Nilijua tu.

DktNyasi
Ndiyo, ni shida. Sungura hana nyama ngumu chini ya unyayo kama paka, ana manyoya tu. Mgeuze leo utazame visigino. Ukikuta pamekuwa pekundu au manyoya yametoka, hivyo ni vidonda vinaanza. Funika wavu kwa ubao leoleo na utandaze majani kwa wingi. Hiyo barazani jua linafika? Zikizidi nyuzi 27 anaanza kuteseka, yeye hatoi jasho kama wewe, joto linatokea masikioni.

Na swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: Pamba anakula nini?

Nyanya_Chungu
Karoti na mkate. Jioni mchicha. Majani makavu nampa nikiyapata.

DktNyasi
Ndiyo maana amegeukia mlango. Meno yake yanakua maisha yake yote, yanahitaji nyuzi za kusaga kutwa nzima. Majani makavu yawepo saa zote, ndiyo chakula, hivyo vingine ni peremende. Mkate acha. Ila mboga na majani mapya ongeza kidogokidogo, usimgeuzie tumbo ghafla. Akikaa saa 12 bila kula chochote, hapo usije humu kuuliza, mkimbize kwa daktari.

bint_mwajuma
Kwa hiyo hata upweke wenyewe hatujauthibitisha. Inawezekana ni njaa ya majani na miguu inauma.

DktNyasi
Vyote vitatu kwa pamoja, mara nyingi. Mwenzake bado namuunga mkono, lakini si ndani ya 90 kwa 50.

Kichwa_Maji
Hiyo 90 kwa 50 hata kwa simbilisi wangu wawili haitoshi, nakubali. Lakini kupanua kwa ajili ya simbilisi ni rahisi kuliko sungura. Msimamo wangu uko palepale.

Nyanya_Chungu
Wakuu, jamaa amenipigia sasa hivi. Anasema sungura aliyenaye ametoka tumbo moja na Pamba, hajahasiwa, na yeye "anadhani" ni jike. Na kati ya simbilisi wawili, mmoja tumbo limekuwa kubwa ghafla, walikuwa na dume mwezi uliopita. Anasema nichukue wote, hanidai kitu.

DktNyasi
Simbilisi hubeba mimba siku 59 mpaka 72. Kama ndiyo mimba yake ya kwanza na ameshavuka miezi minane, mwambie jamaa ampeleke kwa daktari kabla hajahama. Mifupa ya nyonga hukaza, uzazi unakuwa wa hatari. Na watoto wakizaliwa salama, madume yatenge yakifika wiki tatu.

Kichwa_Maji
Hongera mkuu, una familia.

Nyanya_Chungu
Subirini kwanza, sijasema ndiyo. Nimetuma picha ya Pamba ya chini, hebu mtazame ni dume au jike.

bint_mwajuma
Umepiga picha kidole chako. Rudia, na safari hii awepo mtu wa kukushikia Pamba.