Injinia mwandamizi mzima natambulishwa kwa wateja kama "kijana wa projekta"!

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Yule bosi wetu, mnamjua, yule anayemwaga Kiingereza hata kwa mlinzi wa getini. Leo kanidhalilisha mbele za watu.

Tuko kikaoni Njiro, hapa Arusha, wageni ni wenye mahoteli ya kitalii. Ripoti waliyokuja kuiona nimeijenga mimi. Mauzo ya baa zao yalikuwa hayalingani na daftari la kaunta, kila mtu anamshuku kaunta kuwa mwizi. Nani aligundua? Mimi! Seva inatunza muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko mbele yake kwa saa tatu, kwa hiyo kila bia iliyouzwa kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa inahesabiwa ya jana. Mkesha wa mwaka mpya ndiyo balaa: mtu kanywa Januari 1, bia inaingia mwaka uliokwisha!

Nasimama nieleze, bosi ananikata: "Huyu ni kijana wetu wa projekta." KIJANA WA PROJEKTA! Halafu: "Kijana, kaza huo waya, ukitoka utuagizie chai." Kisha akaeleza yeye, na UTC akaiita "kirusi tulichokiua". Mgeni mmoja kanigeukia: yangu isiwe na sukari. Kijana wa projekta, jamani!

Chalii wa Kijenge: Swali moja tu mkuu. Chai uliagiza?

Mtoa mada: Niliagiza. Wageni wana kosa gani? Aliyenikosea ni yule.

Chalii wa Kijenge: Basi projekta ni yako hiyo 😂😂

Mama Ngaramtoni: Huyo bosi namjua! Kwenye harusi alishika maiki mpaka MC akaenda kula.

Mzee wa Kibo: Afadhali wewe. Mimi niko Moshi, takwimu za kahawa. Nimepiga wastani wa bei za mnadani, hesabu ya darasa la sita, bosi kawaambia wafadhili ni akili mnemba. Sasa wanataka waongee nayo.

Mtoa mada: Poleni, ila tusitoke kwenye mada. Mbele ya wateja, wakuu! Kijana wa projekta!

Binti Sekei: Acha kazi uhamie Moshi, kodi huko nafuu.

Mzee wa Kibo: Nafuu ya nani? Soweto ya hapa Moshi nimedaiwa miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mzima juu.

Chalii wa Kijenge: Madalali msiniambie kitu. Wa Sakina kanipeleka kuona chumba, tukakuta mwenyewe amelala ndani. Dalali anamwambia sogea, mteja aone dirisha.

Mama Ngaramtoni: Na ukikataa chumba, hela ya kuonyeshwa hairudi! Wanyang'anyi wakubwa hawa.

Binti Sekei: Kaka wa Kijenge, hicho cha Sakina kina choo ndani? Njoo PM.