Bila DXA (kipimo cha mionzi cha msongamano wa mifupa), mnapimaje hatari ya mgonjwa kuvunjika mifupa?

Swali: Wakuu habari, nina mama wa miaka 67 kliniki, alijikwaa tu ndani kwake akavunjika kifundo cha mkono, DXA hatuna, naanzia wapi?

Jibu 1: Kuvunjika kwa kuanguka kutoka urefu wa kusimama tu tayari ni dalili kubwa ya mifupa dhaifu, usiipite hiyo. Ingia FRAX, kile kikokotoo cha mtandaoni cha Chuo Kikuu cha Sheffield, inafanya kazi kwa miaka 40 hadi 90 hata bila kipimo cha DXA, inakupa asilimia ya kuvunjika nyonga na mifupa mikuu ndani ya miaka 10. Muulize kama mzazi wake alivunjika nyonga, sigara, pombe, baridi yabisi, na prednisoloni (dawa ya steroidi), hiyo ya mwisho wengi hawaisemi mpaka uwabane.

Jibu 2: Naongezea hapo kwenye steroidi, FRAX inataka ndio au hapana tu haiangalii dozi, kwa hiyo mwenye dozi kubwa namba inatoka ndogo kuliko hali yake halisi. Na kuanguka mara kwa mara haiulizi kabisa!! Mimi naona huo ni upungufu mkubwa, maana anayeanguka ndio anavunjika. Pia mpime urefu, kama amefupika sana piga eksirei ya uti wa mgongo, pingili nyingi zinavunjika kimyakimya.

Muulizaji: Asanteni sana, prednisoloni anatumia kweli. Kabla ya kumwanzishia dawa za mifupa nicheki nini?

Jibu 1: Kalisiamu, vitamini D, figo na thairoidi.