Telosaiti na uvimbe wa kizazi: je, upungufu wa seli hizi ndio chanzo?

Mwanafunzi wa ukunga, Unguja

Assalamu alaykum. Darasani tumejadili uvimbe wa fibroidi, na mwalimu wetu akataja seli ziitwazo telosaiti, zinazokaa katika nafasi zilizo baina ya misuli ya kizazi. Alisema kuwa ndani ya uvimbe seli hizo huwa chache kuliko katika msuli wenye afya ulio jirani. Mwenzangu mmoja alitoka akiamini kwamba mwanamke hupata uvimbe kwa sababu seli hizo zimempungua, na kwamba dawa ya kuzirudisha ingeuondoa. Mimi nina shaka, kwani tulisomeshwa pia kwamba uvimbe huanzia katika seli ya msuli yenyewe. Naomba ufafanuzi, khasa kwa kuwa shangazi yangu aliyeko Wete anao uvimbe huu na ananiuliza mambo nisiyoweza kumjibu.

Daktari wa maabara ya tishu, Mjini

Waalaykumu salaam. Shaka yako ina msingi. Kila fibroidi hutokana na seli moja ya msuli iliyobadilika na kuzaana, na ndiyo maana mwanamke mwenye uvimbe mitatu huwa na mitatu iliyoanza kila mmoja peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa Finland walionesha kuwa kiasi cha asilimia 70 ya fibroidi walizozichunguza zilikuwa na hitilafu katika jeni (kipande cha urithi ndani ya seli) iitwayo MED12. Hitilafu hiyo imo ndani ya seli za msuli, wala haikuanzia kwa telosaiti.

Hata hivyo, telosaiti si za kupuuzwa. Jina lake ni geni, lilianza kutumika mwaka 2010. Kabla ya hapo zilifananishwa na seli za Cajal zinazoongoza mwendo wa utumbo. Ukiitazama kwa darubini ya elektroni, utaona mwili mdogo uliotoa mikia mirefu, myembamba mno, yenye vifundo hapa na pale, inayopita kando ya misuli, mishipa ya damu na neva. Kwa mikia hiyo huzifikishia seli nyengine ujumbe, na zimeonekana kuwa na vipokezi vya istrojeni na projestroni, homoni zile zile zinazoukuza uvimbe. Kwa hiyo wapo wanaodhani kuwa zikipungua, misuli hukosa uratibu, mishipa ya damu huharibika mpangilio, na nyuzi za kolajeni, protini ngumu inayoshikanisha tishu, hurundikana bila ya kizuizi.

Tatizo ni kwamba mtiririko wa kinyume nao unawezekana. Ukiukata uvimbe uliotolewa, utaona nyama nyeupe, ngumu, nyuzi zake zimejisokota kama ukili. Katika mrundiko kama huo seli dhaifu inaweza kubanwa na kukosa oksijeni ikafa, na hapo upungufu utakuwa ni matokeo ya uvimbe. Vipande vinavyochunguzwa ni vya uvimbe uliokwisha kukomaa, na kipande cha namna hiyo hakiwezi kukwambia kipi kilitangulia.

Zaidi ya hayo, kuzihesabu kwenyewe ni kazi yenye mitego. Hutambuliwa kwa alama, yaani protini za seli zinazotiwa rangi ili zionekane kwa darubini. Alama ya CD34 hupatikana pia katika ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, na ile ya CD117 imo katika seli za masti, ambazo ni seli za kinga na kizazi kinazo. Mtu akitegemea rangi moja tu, atahesabu na zisizokuwemo. Mimi binafsi huwa siiamini hesabu ya telosaiti isiyotumia alama mbili kwa pamoja.

Mkunga mstaafu, Mkoani

Mwanangu, kwa upande wa shangazi yako: kipimo cha altrasaundi kitamwonesha ukubwa wa uvimbe na mahali ulipo, lakini seli hizo hakizioni kabisa, basi asihangaike kuzitafuta. Muulize damu yake ya mwezi inatoka kwa kiasi gani, na kama anapata kizunguzungu au moyo kumwenda mbio. Huku kwetu wengi huyachukulia maumivu na damu nyingi kuwa ni chango, wakanywa dawa za miti mwaka mzima, mpaka wanafika hospitali wameshaishiwa damu.

Mwanafunzi wa ukunga, Unguja

Ahsanteni sana. Umri wake unakaribia miaka 50 na hedhi imeanza kuruka. Je, kuna dawa yoyote inayozilenga telosaiti?

Daktari wa maabara ya tishu, Mjini

Hakuna. Dawa zinazoukausha uvimbe kwa muda hufanya kazi kwa kuzuia homoni, na asidi ya traneksamiki hupunguza damu bila ya kuugusa uvimbe wenyewe. Kwa umri wake, kama hana upungufu wa damu wala uvimbe haukandamizi kibofu, daktari wake anaweza kuona inafaa kusubiri, kwani hedhi ikikoma fibroidi kwa kawaida husinyaa. Lakini damu ikitoka tena baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, au uvimbe ukizidi kukua wakati huo, aende kupimwa upya bila ya kuchelewa.