Kaka yangu mwenye Down ana miaka 52, hospitali wanasema "ndiyo hali yake". Nianzie wapi?

Dada_wa_Pongwe:
Habari za usiku ndugu zangu. Naombeni mawazo, hasa mliowahi kuuguza mtu mzima mwenye sindromu ya Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili.

Tangu mama afariki naishi na kaka hapa Tanga. Alikuwa anafua nguo zake, anafagia uwanja, na jioni kufunga banda la kuku ilikuwa kazi yake, hataki mtu aiguse. Kabla ya Ramadhani alipaliwa na uji, ikafuata homa na kuhema juu juu. Nimonia. Alilazwa kwenye oksijeni, tukajua tumempoteza.

Amepona, lakini amebadilika. Jioni anasimama mbele ya banda, ufunguo mkononi, anaugeuzageuza tu mpaka mtoto amsaidie. Usiku halali, anazunguka nyumba nzima. Anaburuta mguu na ameanza kujikojolea. Juzi kati alikakamaa, akatetemeka mwili mzima, povu likamtoka. Tulipokimbilia wakamtundikia dripu, wakasema ndiyo hali yake, watu kama hawa hawafiki umri huu. Kaka yetu mkubwa amelishika hilo, anasema tusitupe hela, tumwache apumzike.

Kuna cha kupimwa kweli, au ni uzee? Na nimpe nini alale? Duka la dawa wamenipa Piriton.

Muuguzi_Mstaafu:
Pole sana mwanangu. Hilo ulilojibiwa si jibu la kitabibu. Mwaka 1983 huko Marekani mwenye Down aliishi wastani wa miaka 25 hivi, leo ni karibu 60. Kwa hiyo miaka 52 si ajabu.

Sitakuficha, Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, huwawahi hawa. Jeni inayotengeneza protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer iko kwenye kromosomu ya 21, na wao wanayo nakala tatu badala ya mbili. Kifafa kinachoanza ukubwani nacho mara nyingi huambatana nayo. Lakini hilo husemwa baada ya kuondoa yanayotibika. Omba kipimo cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ikilegea mtu anazubaa, anasahau, anapata choo kigumu, anasikia baridi, na tiba yake ni kidonge cha kila siku. Wapime pia wingi wa damu, sukari, vitamini B12 na mkojo. Wachungulie masikio, maana nta ikiziba unaweza kudhani amepotewa na akili kumbe hasikii. Mtoto wa jicho pia huwapata mapema.

Piriton acha. Dawa za mzio zinazolewesha huzidisha kuchanganyikiwa. Je, anakoroma na kukatika pumzi usingizini?

Fundi_Viungo:
Mimi limenishtua la mguu na mkojo, hilo lisisubiri. Wenye Down, mifupa miwili ya juu ya shingo inaweza kulegea ikabana uti wa mgongo, na dalili zake ndizo hizo. Akaonwe na daktari haraka, apigwe picha ya shingo. Asivutwe wala kukandwa shingo na mtu yeyote. Na siku akihitaji upasuaji, mwambieni daktari wa usingizi mapema kuhusu shingo hiyo.

Mkweli_Daima:
Dada, kaka yako mkubwa ana hoja. Hospitali zinakula hela, na una watoto.

Dada_wa_Pongwe:
Ndugu yangu, la hela nalijua. Lakini mama akiwa kitandani aliniwekea mkono wa kaka kwenye mkono wangu. Kama ni tezi tu, nimwache afe kwa kukosa kidonge?

Muuguzi, ndiyo, anakoroma sana, na kuna wakati ananyamaza kabisa halafu anashtuka.

Muuguzi_Mstaafu:
Basi hilo uwaambie. Pumzi ikikatika usiku kucha, mchana lazima achanganyikiwe. Kwa sasa alale ubavu.

Mama_Pacha_Mvita:
Dadangu, pole. Mimi nilimuuguza mdogo wangu mpaka mwisho, na kilichotusumbua zaidi ni kupaliwa. Mlishe amekaa wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo, ameze ndipo uongeze. Uji uwe mzito, majimaji ndiyo yanayompalia. Akimaliza asilale kwa nusu saa. Msugue meno asubuhi na usiku, uchafu wa kinywa ukishuka mapafuni unarudisha nimonia.

Kifafa kikimjia tena, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Kikipita dakika tano, hospitali. Mwingine amrekodi kwa simu, daktari akiona video hatakwambia ndiyo hali yake.

Na huyo kaka mkubwa usimwombe "msaada". Mpe kazi moja: yeye ni gari na kipimo cha TSH. Mtu akitajiwa kitu mahususi hukwepa kwa shida.

Dada_wa_Pongwe:
Mungu awalipe. Nimempigia kaka mkubwa, amekubali gari, vipimo tutachangia. Kesho asubuhi tunaanza na shingo, hospitali nyingine. Shida anaogopa sindano, hushikwa na watu wanne.

Mama_Pacha_Mvita:
Asishikwe. Mwambieni leo kwa maneno machache, na kesho tena mkifika. Wewe uchomwe kwanza mbele yake, kama watakubali. Mpe kitu anachokipenda akishike kwa mkono mwingine. Wangu alikuwa anashika redio.

Dada_wa_Pongwe:
Atashika ufunguo wa banda. Nitarudi na majibu.