Kofia ya NIRS kwa watoto wa miezi 6: chaneli za juu ya masikio hazisomi, HbO na HbR zinapanda pamoja

Mdau_Maabara: Wakuu, habari za kazi. Tunapima ubongo wa watoto wa miezi 6 kwa mwanga wa infraredi ya karibu, yaani NIRS (nanomita 780 na 850, chanzo hadi kipokezi mm 20, sampuli 10 kwa sekunde). Mtoto amepakatwa na mama, anasikiliza sauti za watu kwa sekunde 8, kisha kimya sekunde 10. Chaneli nyingi (jozi za chanzo na kipokezi) za juu ya masikio hazionyeshi mapigo ya moyo. Zilizo nzuri, HbO (hemoglobini yenye oksijeni) na HbR (isiyo na oksijeni) zinapanda pamoja. Huo ni ubongo au uchafu?

Fundi wa Kofia: Chaneli isiyo na mapigo haijagusa ngozi, usiihangaikie kwenye kompyuta. Moyo wa mtoto wa umri huo hupiga kama mara 2 kwa sekunde, kwa hiyo sampuli zenu zinatosha kuuona. Adui hapo ni nywele: nyeusi na nzito hufyonza mwanga kabla haujafika kichwani. Zitenganishe kwa kijiti butu chini ya kila kipokezi, kimoja kimoja. Mwambieni mama mapema asimsuke mtoto siku hiyo, maana fundo la nywele huinua kipokezi. (Kumwomba amnyoe mwanawe, hapana.)

Msikaze mkanda kufidia. Mnaibana damu ya ngozi, na mtoto analia. Chagueni kofia kwa mzingo wa kichwa, si kwa umri. Jua la dirishani nalo hujaza vipokezi: funikeni kofia kwa kitambaa cheusi.

Hb_Mchambuzi: Kuhusu kupanda pamoja: sehemu ya ubongo ikifanya kazi, HbO hupanda na HbR hushuka kidogo. Kwa wachanga HbR huweza kuwa hafifu mno, hilo lisikutishe. Lakini zikipanda zote kwa kishindo, kofia imesogea. Zikipanda polepole, shuku damu ya ngozi.

Kosa kubwa naliona kwenye ratiba yenu. Kimya cha sekunde 10 kila mara, baada ya sauti ya sekunde 8, kinarudia mzunguko uleule, na mawimbi ya shinikizo la damu, ya karibu Hz 0.1 (mara moja kila sekunde 10), yanaweza kujipanga nao. Badilishabadilisha kimya, tuseme kati ya sekunde 9 na 14. Rekebisha mitikisiko (kwa njia za hesabu: splaini, kisha waveleti) kwenye msongamano wa mwanga (kiasi mwanga ulivyopungua njiani), kabla ya kugeuza kuwa hemoglobini. Pia kipimo cha urefu wa njia ya mwanga (njia yake halisi ni mara ngapi ya umbali wa chanzo hadi kipokezi): cha mtu mzima ni kama 6, cha mchanga kama 5. Kinabadili ukubwa tu, hakitageuza mwelekeo.

Fundi wa Kofia: Naongeza: pigeni picha ya kofia kabla na baada, pande zote mbili, sikio na pua vionekane. Mkirudia watoto haohao wakikua, kama mradi wa BRIGHT, wa kufuatilia ukuaji wa ubongo wa watoto, ulivyofanya Keneba, Gambia, na Cambridge, Uingereza, bila picha hamtajua kama mlipima sehemu ileile.

Mdau_Maabara: Asanteni wakuu, ratiba tunaibadilisha. Chaneli fupi ya mm 10 (chanzo na kipokezi vikikaribiana, isome ngozi zaidi) itatusaidia kuondoa damu ya ngozi?

Hb_Mchambuzi: Kwa mtu mzima hutumika ya mm 8 hivi. Fuvu la mchanga ni jembamba, mm 10 huenda ikagusa gamba la ubongo, na mkiitoa mtatoa na mnachokitafuta. Linganisheni kwanza matokeo mkiitoa na msipoitoa.